Mwalimu Keji, Tumeigusa Kanuni Yako

Mwalimu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kontena letu la kazi hapa Gudele. Feni imeharibika tena, kwa hiyo ukiona wino umetawanyika hapa na pale ujue ni jasho, si machozi. Machozi yalikuwepo, sikatai, lakini hayo niliyamalizia nyumbani kwa mama yako, mbele za watu, kama mtu aliyelelewa vizuri. Leo nina habari, na nimeona nikupe mwenyewe kabla hujaisikia kwa Mutua. Unamjua. Akisimulia jambo hulitia hesabu mpaka likapoteza ladha.

Habari yenyewe ni kwamba tumeigusa kanuni yako ya mkono.

Ngoja, usikunje uso kwanza. Nitaeleza polepole, jinsi ulivyokuwa ukitaka nieleze kule kambini Kakuma, mimi nikiwa darasa la sita na wewe mwalimu mdogo kuliko walimu wote, unayetufokea kwa sauti ya chini mpaka tukaogopa zaidi.

Nianze na ya mjini. Juba inazidi kupanuka. Ile njia yetu ya kutoka soko la Jebel wameipasua upya kwa matingatinga, na vumbi lake sasa tunalinywa kwenye chai. Nyuma ya kontena mtu kajenga gesti ya mabati akaipa jina la Kiingereza refu kuliko gesti yenyewe. Kila anayefungua mdomo anazungumzia kura ya maoni, hata anayekuuzia nyanya anataka kujua kwanza utapiga wapi. Mutua bado yuko benki siku za wiki, na Jumamosi bado anakuja kwetu amevaa shati la kazi kama mtu aliyepotea njia. Kiti chako cha plastiki hakuna anayekikalia. Hakuna aliyekataza. Tunaweka mkasi na gundi juu yake, tunajifanya ni meza.

Sasa nirudi tulikotoka, si kwa sababu umesahau, ila mimi nisipoanzia mwanzo napotea.

Shirika lilikuja kwako likitaka mchezo wa kuwafundisha watoto wa shule hatari ya mabomu yaliyofukiwa ardhini, hasa shule za nje ya mji, ambako vita viliacha mashamba mtu hathubutu kuyalima. Uliniita mimi nichore, ukamwita Mutua ahesabu. Maskini Mutua, mtoto wa Machakos, alidhani anaitwa kula nyama. Tukakaa watatu, tukatengeneza kitu tulichokijua: nyoka na ngazi. Nani aliyesoma Kenya hakukulia nacho? Penye nyoka tukaweka bomu. Unarusha dadu, ukiangukia bomu unarudi mwanzo. Niliuchora ubao ule vizuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu.

Tulipoupeleka kwa watoto wa shule ya Gudele ndipo ulipotuonyesha sheria yako ya maji. Kila mtunzi apige funda la maji, asilimeze wala asiliteme mpaka watoto wamalize kucheza. "Ukifungua mdomo kuwaelekeza," ulisema, "umejijaribu wewe, mchezo hujaujaribu." Mutua alimeza la kwanza mara tu mtoto mmoja alipokosea kuhesabu, ukampa lingine bila huruma. Akameza na hilo. Ile siku alikunywa maji kuliko ngamia, na kila dakika anatazama choo kiko wapi.

Watoto walipomaliza uliwauliza swali moja tu: mtu afanye nini ili asikanyage bomu? Mvulana mmoja akajibu haraka haraka, "Aombe dadu nzuri." Sisi tukacheka. Wewe hukucheka. Tulipofika kontenani ukauchukua ubao wangu mzuri ukaugeuza kifudifudi mezani. "Taban, tumewaambia watoto kwamba bomu ni bahati mbaya tu." Nilinuna. Nilinuna hasa, maana nilikuwa nimewachora nyoka wenyewe kwa brashi ya nywele tatu kabla hujasema tuwafute tuweke mabomu. Lakini ulikuwa na haki, na kesho yake dadu ikatupwa.

Zikaja kadi. Watoto wanne, kila mmoja na kifuniko chake cha soda, wanatoka nyumbani kwenda kisima cha pampu. Kadi zimepangwa chini kama njia. Kuna njia ndefu inayokanyagwa na watu kila siku, na kuna ya mkato inayopita nyasini. Juu ya kadi nikachora dalili: nyasi ambazo mbuzi hawajazila, kibanda kilichohamwa, jiwe ambalo wategua mabomu wamelipaka rangi nyekundu, likajificha nusu. Mtoto aangalie, kisha aamue apite wapi. Kazi ya Mutua ilikuwa kupanga dalili zitokee ngapi, zisiwe nyingi mpaka mtoto akate tamaa wala chache mpaka asinzie. Na juu ya yote ukaweka kanuni yako kubwa: hakuna anayefika peke yake. Wafike wote wanne kabla jua halijatua, au wote wameshindwa.

Mutua alipinga wiki nzima. "Mwalimu, mchezo usio na mshindi ni mkutano." Ukamjibu, "Basi uwe mkutano wenye chai." Hakupinga tena, ila kila Jumamosi aliuliza chai iko wapi.

Kisha ukaongeza ile ya mkono. Mtoto akikanyaga kadi yenye jiwe jekundu hafi. Anasimama papo hapo, hawezi kusogea, mpaka mwenzake amfuate kwenye kadi ileile, amshike mkono, watoke pamoja. Nilijua imetoka wapi. Ulinisimulia mara moja tu, unakata kadi, macho kwenye mkasi. Mama yako vita vilimsukuma upande wa Uganda, wewe na binamu yako marehemu Lado mkajikuta kwenye msafara wa watu wanaokwenda Kenya kwa miguu. Siku moja ulikaa chini ukasema hutembei tena. Msafara ukakupita. Lado, naye mtoto tu, aligeuka, akarudi, akakushika mkono bila kusema neno, mkawafuata watu. Ndiyo maana ulikuwa hai kunifundisha mimi.

Sisi tuliofika Kenya namna ile, waliotembea na tuliobebwa mgongoni, tulifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusoma. Aliyebaki nyuma mrudie. Mshike. Usimwache. Ulipoiandika hiyo kanuni hakuna aliyeipinga, hata Mutua ambaye hakutembea kwenda popote. Tukaicheza watatu hapa mezani, tukaiona tamu. Watu wazima tulikuwa waoga, kila mara tunapita njia ndefu, kadi nyekundu hatukuikanyaga hata siku moja. Tukasema tutaipeleka kwa watoto wiki inayofuata. Wiki inayofuata ukaanza kuumwa.

Sasa sikiliza ilivyokuwa kwenye bika yako, matanga wangesema kwao Mutua.

Watu walijaa. Ungeona aibu jinsi walivyojaa, wewe uliyekuwa ukisema hujuani na mtu mjini. Wazee upande wa kivuli kwenye viti vya kukodi, wanawake kwenye mikeka wakichambua mchele, wengine wakiimba nyimbo za kanisani kwa Kibari. Siku ya tatu watoto walichoka kukaa. Sabina, mtoto wa dada yako, aliingia chumbani mwako akatoka na lile sanduku la majaribio uliloliweka chini ya kitanda. Akalifungua mkekani. Akasoma kanuni kutoka kwenye karatasi yako, neno kwa neno, kwa sauti ya mwalimu. Sijui amerithi kwa nani. Watoto watatu wakakaa mbele yake, na wakubwa hakuna aliyewakataza, maana walau wametulia.

Mimi na Mutua tulikuwa na wazee, hatua chache tu, vichwa chini. Hatukuhitaji maji mdomoni. Kwenye bika ya mtu huinuki kwenda kuwaelekeza watoto kucheza. Tangu tuanze kazi hii hatukuwahi kupata jaribio safi kama lile, na wewe hukuwepo kuliona.

Walipita njia ya mkato, bila shaka. Watoto gani wanapita njia ndefu? Mvulana mmoja mwenye mashavu akakanyaga kadi nyekundu, akasimama. Na wenzake, Mwalimu, hawakufikiri hata kidogo. Sabina akaruka na kifuniko chake juu ya kadi nyekundu. "Jibu ida!" Lete mkono. Wa pili akamfuata. Wa tatu hakutaka kubaki peke yake, naye akaingia. Vifuniko vinne juu ya bomu moja, na mikono minne imeshikana juu ya mkeka, wanacheka kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba. Mzee aliyekuwa kando yangu akasema, "Tazama watoto wa Keji wanavyopendana." Watu wakaitikia, na mwanamke mmoja akaanza kulia upya.

Mimi niliona kitu kingine. Ndivyo watu wanavyokufa kule nje. Mmoja anaingia nyasini kutafuta kuni, anakanyaga, anapiga kelele, na anayemkimbilia anakanyaga la pili. Wategua mabomu walituambia siku ya kwanza kabisa kwamba wa pili ndiye anayewauma zaidi, kwa sababu alikuwa salama. Tuliliandika hilo kwenye karatasi ya kwanza, kisha tukalisahau, maana miguu yetu ilikuwa na kumbukumbu nyingine. Kwenye msafara, anayerudi kumchukua mwenzake anarudia njia iliyokwisha kukanyagwa na mia ya watu. Lado alikanyaga nyayo zake mwenyewe. Mtoto wa huko nje hana nyayo za kukanyaga.

Mutua alinitazama katikati ya vichwa vya wazee. Tukala wali, tukamuaga mama yako, tukaondoka kila mtu na njia yake.

Jumamosi alikuja mapema. Hakukaa. "Taban, hii kitu haiwezi kwenda kwa mchapaji hivi." Mchapaji wa Kampala alikuwa anangoja, shirika lilikuwa limekwisha kupanga masanduku yafike shule za barabara ya Yei muhula ukifunguliwa. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na ndiyo maana yaliniudhi. Nilimwambia benki haijamfundisha kuzika mtu. Akanijibu, "Mimi nimezika, Taban. Ndiyo maana nasema." Akachukua mkoba wake akaenda kusimama barabarani kungoja gari.

Nikabaki na kadi zako mezani. Nikupe ukweli wangu: niliona kama tukiugusa ule mkono tutakuwa tumekuzika mara ya pili, na mara hii kwa mkasi wetu wenyewe. Kila kitu kingine kwenye mchezo ule kilikuwa chetu sote, hii rangi yangu, ile hesabu ya Mutua. Mkono ulikuwa wako. Na wakati huohuo nilikuwa nawaona watoto nisiowajua, huko Yei, wameucheza mchezo wetu mara nyingi na kuupenda, halafu siku moja mwenzao anapiga kelele nyasini. Hilo halikunipa usingizi wala hamu ya kula.

Nikaenda kwa mama yako. Nilijiambia naenda kumjulia hali. Namkuta Mutua naye kaja kumjulia hali, na shati lake la kazi. Mama akatutazama tulivyokaa, huyu huku na yule kule, kila mmoja anatazama kuku.

"Nyinyi mbili iko na vita gani?" Kiswahili chake cha Uganda unakijua, ulikuwa ukimcheka kila siku. "Ni hiyo kitu ya Keji? Leta hapa. Mimi pia nataka cheza."

Tukalitoa sanduku lako, tukaupanga juu ya stuli. Nikamweleza kanuni kama zilivyo, nikaacha kifuniko changu kikanyage kadi nyekundu makusudi. Mama hakungoja hata zamu yake. "Mtoto iko pale peke yake. Mimi nakwenda." Akasukuma kifuniko chake mpaka kwangu, akanishika mkono kweli, mkono wake umekauka kwa majivu ya jikoni. Mutua akageuza uso upande wa lango.

Ndipo nikamweleza. Lado na msafara, wategua mabomu na mtu wa pili, vifuniko vinne siku ile mkekani. Akasikiliza, kidole kiko juu ya kifuniko chake.

"Kwa hiyo sasa mimi pia nimekufa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi badilisha."

Nikasema ni kanuni ya Keji, Mama, ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Akanitazama kama anavyomtazama mtu anayeomba chumvi kwenye chai.

"Sasa wewe nangoja nini? Nangoja Keji atoke huko aseme ndiyo?" Kisha akaingia ndani akatuletea kisra na mchuzi wa bamia. "Kula. Nyinyi mbili nakonda kwa sababu ya karatasi."

Tulikula. Mutua aliongeza mara mbili, na kwenye kunawa akanipokeza birika, nami nikalipokea. Kwetu sisi huo ndio ulikuwa upatanisho.

Kubadilisha kwenyewe hakukuwa rahisi, usidhani tulifuta mstari tukaenda kulala. Kwanza tukaandika hivi: aliyekanyaga jiwe jekundu asimame asisogee, na wenzake waende kwa njia ndefu kumwita mtu mzima. Safi kabisa, hata wategua mabomu waliisifu. Tukaipeleka shule ileile ya Gudele, Mutua kaja na chupa yake ya maji bila kuambiwa. Mtoto wa kwanza akakanyaga, akasimama. Wenzake wakatimua mbio kumwita mtu mzima, wakasahau kabisa kama yupo. Akangoja zamu, akangoja nyingine. Kisha akakichukua kifuniko chake, akakipitisha katikati ya nyasi zote nilizochora, akatoka. "Nimechoka kungoja," akasema. Nilimeza maji yote kwa mpigo mmoja.

Jumamosi ile tulibishana kama zamani, na nilifurahi kubishana. Mutua alitaka anayesogea aadhibiwe. Mimi nilitaka nichore mawe ya kutisha zaidi. Tukajaribu yote mawili, na hali ikawa mbaya zaidi, maana mtoto ukimtisha halafu ukamwacha peke yake, ndiyo kwanza anakimbia. Kila tulipokwama nilikuwa nageukia kiti chako kuuliza, nakutana na mkasi na gundi.

Jaribio lililofuata mama yako alikuja mwenyewe, kawaleta Sabina na wale wenzake wa mkekani, akakaa nyuma ya darasa kama mkaguzi. Safari hii alikwama yuleyule mvulana mwenye mashavu. Wawili wakaenda kuita. Zamu ikamfikia Sabina, na kanuni ilimruhusu naye aende. Hakwenda. Alikiweka kifuniko chake ukingoni, kwenye kadi ya mwisho ya njia salama, akakaa chini mwenyewe akamtazama mwenzake. "Wogif, mata ruwa. Ana fi ini." Simama, usiende, mimi niko hapa. Kisha akaanza kumsimulia habari ya kuku wa bibi yake aliyetagia ndani ya mkoba wa kanisani, na bibi akaenda nao kanisani bila kujua, na wakati wa sadaka akatia mkono. Mvulana akacheka mpaka akainama. Akauliza yai lilivunjika? Sabina akasema ngoja nikueleze. Zamu zikaja na kupita, mtu mzima akachelewa kama wanavyochelewa kweli, na kile kifuniko juu ya kadi nyekundu hakikusogea hata ukucha. Nyuma ya darasa mama yako alikuwa amejifunika uso kwa kanga, sijui ni kicheko au ni aibu ya lile yai. Mutua mashavu yamemvimba kwa maji, macho mekundu, ananiashiria kwa kidole: andika, andika.

Tumeiandika. Kanuni yako sasa inasomeka hivi: mmoja abaki ukingoni, asiingie, na asinyamaze. Wengine waende kuita. Hakuna anayefika peke yake, hiyo haijaguswa na haitaguswa. Nilijaribu kukuchora wewe kwenye kadi ya anayebaki ukingoni. Nilijaribu sana, Mwalimu, na kila mara ulitoka unafanana na meneja wa Mutua. Mutua mwenyewe ndiye aliyesema, akaogopa kuishika kadi. Kwa hiyo nimemchora msichana na kuku. Jana tumeituma kazi yote Kampala. Tulipomaliza Mutua alikunja mikono ya shati, akapika chai kwenye jiko la mtu wa gesti, akasema mkutano sasa unaweza kufungwa.

Kuna jambo moja sikumwambia Mutua. Sabina alipokaa chini na kuanza ile habari ya kuku, mimi sikuwa darasani tena. Nilikuwa wodini kwako. Zile siku ambazo macho yako yalikuwa ya manjano na daktari amekwisha kututoa nje kutuambia kwamba ini halina kazi tena, na kwamba hata Nairobi hawataweza kitu. Wengine walikuwa wanafanya mambo: dada yako anapika, Mutua anatafuta dripu mji mzima, mama yako anaomba. Mimi nilikaa kwenye stuli ya chuma, sina dawa wala pesa wala sala nzuri, nikawa nakusimulia rangi. Kwamba mbuzi wa kadi za mwanzo nimempa madoa kwa sababu mweupe anaonekana mgonjwa. Kwamba nyasi nimezifanya kavu, za mwezi wa pili. Ulifumba macho, nikadhani umelala, nikanyamaza. Ukasema, "Endelea."

Hukuniambia tena neno lingine, na mimi nililibeba kwa uchungu, nikiona kwamba watu wote walikufanyia kitu na mimi nilikupigia kelele tu. Sasa sioni hivyo. Palipokuwa na wewe hakuna aliyeweza kuingia, si mimi, si mama aliyekuzaa. Kilichobaki kilikuwa kukaa karibu na kutonyamaza. Nilikifanya bila kujua kuwa ni kazi, na mtoto wa dada yako ndiye aliyenifanya nijue. Moyo wangu umetulia kidogo tangu siku hiyo.

Basi kwaheri, Mwalimu wangu. Lala salama, na msalimie Lado kama mmekutana, mwambie hatujaukata mkono wake, tumeufundisha kungoja. Ahadi yangu ni kwamba masanduku yakifika nitakwenda nayo shule kwa shule, nikae nyuma na maji mdomoni, nitazame, na popote watoto watakapotuonyesha tumekosea tutapagusa tena, hata pawe pako. Siji huko uliko kukushika mkono, na najua ungenifokea nikijaribu. Niko hapa ukingoni. Mbuzi wa kadi za mwisho, yule uliyesema mchapaji atambadilisha rangi, nimempa kahawia, na pembe moja fupi kuliko nyingine, na nyuma yake nimeweka kijito chembamba ambacho Mutua anadai ni waya, nami nimemwambia asubiri aone, kwa sababu bado sijakieleza, naendelea.

Mwanafunzi wako,
Taban